Ushindani wa konsoli za michezo ya video

Ushindani wa konsoli za michezo ya video ni mashindano ya kibiashara kati ya kampuni zinazotengeneza mashine za kuchezea michezo ya video, ambayo mitaani huitwa gemu. Tangu mwaka 2001 soko hilo limekuwa mikononi mwa kampuni tatu: Sony na Nintendo za Japani, pamoja na Microsoft ya Marekani. Konsoli zao za sasa ni PlayStation 5 ya Sony, Nintendo Switch 2, na Xbox Series X na Series S za Microsoft.

Kwa miongo kadhaa ushindani huo ulifuata utaratibu uliozoeleka. Kila baada ya miaka mitano hadi saba mashine mpya zilitoka, bei zake zilishuka kadiri muda ulivyopita, na mshindi alijulikana kwa idadi ya mashine zilizouzwa. Katika miaka ya 2020 utaratibu huo umevurugika. Bei zimepanda badala ya kushuka, Microsoft imeanza kuuza michezo yake mikubwa kwenye mashine za mpinzani wake, na maelfu ya watengenezaji wa michezo wamepoteza kazi. Kwa sababu hiyo mjadala wa sasa unahusu pia kama ushindani wa kweli utabaki, na nani atalipa gharama ukipungua.

Namna biashara inavyofanya kazi

Konsoli ni kompyuta iliyotengenezwa kwa kazi moja kuu, yaani kucheza. Tofauti na simu au televisheni, mara nyingi huuzwa kwa bei iliyo karibu na gharama ya kuitengeneza, au hata chini yake. Mnamo Mei 2021, katika kesi kati ya Epic Games na Apple nchini Marekani, Lori Wright wa Microsoft alitoa ushahidi kwamba kampuni hiyo haijawahi kupata faida kwa kuuza mashine za Xbox zenyewe. Mwaka 2022 Phil Spencer, aliyekuwa mkuu wa idara ya michezo ya Microsoft, alisema kila mashine hufidiwa kwa dola 100 hadi 200 za Marekani. Kwa upande wa Sony, PlayStation 5 yenye sehemu ya diski iliacha kuuzwa kwa hasara katikati ya mwaka 2021, miezi michache baada ya kutoka.

Faida hutoka kwenye michezo. Kwa kawaida mwenye konsoli huchukua asilimia 30 ya bei ya kila mchezo unaouzwa katika duka lake la mtandaoni. Mchezo wa dola 70 humwachia dola 21, hata kama umetengenezwa na kampuni nyingine. Kuna pia ada za kila mwezi za kucheza na wenzako kupitia intaneti. Hivyo mashine ni mlango tu: anayeuza milango mingi ndiye anayekusanya viingilio vingi.

Mambo matatu humfanya mnunuzi achague mlango mmoja badala ya mwingine. La kwanza ni michezo inayopatikana kwenye konsoli moja pekee. Mario na Zelda hawachezwi kwenye konsoli za Sony wala Microsoft, na kwa miaka mingi Halo ilikuwa sababu ya kununua Xbox. La pili ni marafiki, kwa kuwa mtu hununua mashine waliyo nayo wenzake ili acheze nao. Kwa muda mrefu wenye konsoli tofauti hawakuweza kukutana katika mchezo mmoja. Sony ilikubali jambo hilo kwa mchezo wa Fortnite mnamo Septemba 2018 tu, baada ya malalamiko mengi. La tatu ni maktaba ya mnunuzi mwenyewe. Aliyenunua michezo 50 katika duka la PlayStation hawezi kuihamishia Xbox. Kadiri ununuzi wa mtandaoni unavyoongezeka, ndivyo inavyokuwa vigumu kwa mteja kuhama.

Historia

Konsoli ya kwanza ya nyumbani iliyouzwa madukani ilikuwa Magnavox Odyssey ya mwaka 1972, iliyotokana na kazi ya mhandisi Ralph Baer. Atari 2600 ya mwaka 1977 ilieneza mashine hizo nchini Marekani. Mwaka 1983 soko la nchi hiyo liliporomoka kutokana na wingi wa michezo duni, na wauza maduka wengi waliamini kwamba biashara hiyo imekwisha.

Nintendo ilijaza pengo hilo. Konsoli yake ya Famicom ilitoka Japani mnamo Julai 1983, kisha ikaingia Marekani mwaka 1985 kwa jina la NES. Ili kuzuia michezo duni, Nintendo iliweka ndani ya mashine kifaa cha kukataa kaseti zisizoidhinishwa. Ilizibana pia kampuni za michezo kwa masharti makali, ikiwemo kikomo cha idadi ya michezo ambayo kila moja ingeweza kutoa kwa mwaka. Soko lilifufuka, lakini likawa chini ya bwana mmoja.

Sega ilivunja utawala huo kwa konsoli ya Mega Drive, iliyotoka Japani mwaka 1988 na kuitwa Genesis huko Marekani. Chini ya Tom Kalinske, tawi la Marekani lilishusha bei, likatumia matangazo yaliyomkejeli mpinzani wazi, na mwaka 1991 likatoa mchezo wa Sonic pamoja na mashine. Kipindi hiki ndicho kilichozoesha watu kuita ushindani huu "vita vya konsoli".

Sony iliingia sokoni kwa sababu ya mgogoro. Ilikuwa imepatana na Nintendo kutengeneza kifaa cha kusomea diski, lakini mwaka 1991 Nintendo ilitangaza hadharani kwamba itashirikiana na Philips. Mhandisi Ken Kutaragi aliwashawishi wakuu wa Sony waendelee peke yao, na PlayStation ilitoka Japani tarehe 3 Desemba 1994. Mnamo Mei 1995, katika maonyesho ya E3 nchini Marekani, Sega ilitangaza konsoli ya Saturn kwa dola 399. Steve Race wa Sony alipanda jukwaani baadaye, akataja "299" na kushuka. Diski zilikuwa rahisi kutengeneza kuliko kaseti, na kampuni nyingi za michezo zikahamia kwa Sony. Mwaka 2001 Sega iliacha kutengeneza konsoli. Mwaka huohuo Microsoft ikaingia na Xbox.

Matukio ya baadaye yalionyesha kwamba hakuna ushindi wa kudumu. Mwaka 2006 Sony, iliyotoka kuuza PlayStation 2 kuliko konsoli yoyote nyingine, ilitoa PlayStation 3 kwa dola 499 na 599. Xbox 360 ilikuwa imeitangulia kwa mwaka mmoja, na Wii ya Nintendo iliuzwa kwa dola 250 tu. Microsoft nayo ilijikwaa: hitilafu ya Xbox 360 iliyoonekana kwa taa nyekundu ilifanya kampuni itenge zaidi ya dola bilioni 1 mwaka 2007 kwa ajili ya matengenezo. Mwaka 2013 Microsoft ilitangaza Xbox One kwa dola 499 pamoja na masharti ya kubana diski zilizokwisha kutumika. Sony ilitangaza PlayStation 4 kwa dola 399 bila masharti hayo. Microsoft iliyafuta baada ya siku chache, lakini ilibaki nyuma kizazi chote. Nintendo, iliyoshindwa vibaya na Wii U ya mwaka 2012, ilirudi mwaka 2017 na Switch, mashine moja inayochezwa kwenye televisheni au mkononi.

Mauzo

Idadi zifuatazo ni za mashine za baadhi ya konsoli, kwa takwimu za kampuni zenyewe. Kwa PlayStation 5, Switch na Switch 2 ni hadi mwisho wa Septemba 2025.

- PlayStation 2 (2000): zaidi ya milioni 160
- Nintendo DS (2004): milioni 154.02
- Nintendo Switch (2017): milioni 154.01
- PlayStation 4 (2013): zaidi ya milioni 117
- PlayStation (1994): takriban milioni 102
- Wii (2006): milioni 101.63
- PlayStation 5 (2020): milioni 84.2
- Wii U (2012): milioni 13.56
- Nintendo Switch 2 (2025): milioni 10.36

Microsoft iliacha kutangaza idadi ya mashine inazouza tangu mwaka 2015, ikisema kipimo bora ni idadi ya watu wanaotumia huduma zake. Uamuzi huo unafanya kulinganisha kampuni tatu kwa usahihi kuwe kugumu. Unaonyesha pia mapema kwamba Microsoft ilikuwa ikielekea biashara isiyotegemea mashine.

Kizazi cha sasa

Xbox Series X na Series S zilitoka tarehe 10 Novemba 2020, na PlayStation 5 ikafuata tarehe 12 katika baadhi ya nchi. Series X na PlayStation 5 yenye sehemu ya diski ziliuzwa dola 499 kila moja, na Series S dola 299. Uhaba wa vipuri vya kielektroniki wakati wa janga la UVIKO-19 ulifanya mashine hizo ziadimike kwa miaka miwili hivi. Walanguzi walizinunua kwa wingi na kuziuza kwa bei ya juu.

Nintendo ilikwenda njia yake. Haikushindana kwa nguvu za mashine bali kwa michezo yake na kwa wepesi wa kubebeka. Switch 2 ilitoka tarehe 5 Juni 2025 kwa dola 449.99 na kuuzwa zaidi ya mashine milioni 3.5 katika siku nne za kwanza.

Ununuzi wa Activision Blizzard

Tarehe 18 Januari 2022 Microsoft ilitangaza kununua Activision Blizzard, kampuni yenye michezo ya Call of Duty, World of Warcraft na Candy Crush, kwa dola bilioni 68.7. Huo ni ununuzi mkubwa kuliko wote katika historia ya michezo ya video. Kabla yake, mwaka 2021, ilikuwa imekamilisha kuinunua ZeniMax, mmiliki wa Bethesda, kwa dola bilioni 7.5.

Sony ilipinga ikihofia kwamba Call of Duty ingeondolewa PlayStation. Tume ya Biashara ya Shirikisho la Marekani (FTC) ilifungua kesi mnamo Desemba 2022. Uingereza ilikataa ununuzi huo mnamo Aprili 2023 kwa sababu ya soko jipya la kucheza kupitia seva za mbali bila mashine. Umoja wa Ulaya uliukubali mwezi uliofuata. Mnamo Julai 2023 jaji Jacqueline Scott Corley wa California alikataa ombi la FTC la kuusimamisha. Microsoft iliahidi kuacha Call of Duty kwenye PlayStation kwa miaka 10 na kuuza kwa Ubisoft haki za kucheza kwa seva za mbali, ndipo Uingereza ikaridhia. Ununuzi ulikamilika tarehe 13 Oktoba 2023.

Kesi hiyo iliacha mafunzo mawili. Kwanza, ilionyesha jinsi ilivyo vigumu hata kulitaja soko lenyewe. FTC ilidai kwamba Switch haimo katika soko moja na PlayStation na Xbox, kwa kuwa nguvu zake ni ndogo. Microsoft ilidai zote tatu zinashindana. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama kampuni fulani inaonekana kubwa kupita kiasi au la. Pili, Microsoft ilijitetea kwa kuandika mahakamani kwamba imeshindwa katika vita vya konsoli na kwamba iko nafasi ya tatu. Kampuni tajiri kuliko wapinzani wake wote ilitumia udhaifu wake sokoni kama hoja ya kuruhusiwa kukua.

Microsoft kubadili mwelekeo

Tangu mwaka 2017 Microsoft imekuwa na huduma ya Game Pass, ambayo mteja hulipa kila mwezi na kucheza michezo mingi bila kuinunua mmoja mmoja. Lengo lilikuwa kupata wateja kwenye konsoli, kompyuta na hata simu. Hata hivyo, ununuzi wa dola bilioni 68.7 ulihitaji mapato makubwa kuliko yale ambayo wenye Xbox peke yao wangeweza kuleta.

Mnamo Februari 2024 kampuni ilitangaza kupeleka michezo minne kwenye mashine za wapinzani. Mwaka 2025 Forza Horizon 5 na Gears of War zilifika PlayStation 5. Mnamo Oktoba 2025 ikatangazwa kwamba hata Halo, nembo ya Xbox tangu mwaka 2001, itatolewa kwa PlayStation 5.

Kwa mchezaji mwenye PlayStation huo ni unafuu, kwa kuwa hahitaji tena mashine mbili. Kwa aliyenunua Xbox, sababu kuu ya kuichagua imepungua. Kwa soko zima kuna hatari nyingine: Sony ikibaki bila mpinzani wa karibu, hakuna atakayeilazimisha kushusha bei, kama ilivyolazimishwa na wengine baada ya mwaka 2006 na kama yenyewe ilivyomlazimisha mwenzake mwaka 1995 na baada ya 2013.

Kupanda kwa bei

Zamani konsoli yenye umri wa miaka mitano ilikuwa rahisi kuliko siku ilipotoka. Mwaka 2025 ilikuwa kinyume. Nchini Marekani, Series X ilipanda mara mbili na kufika dola 649.99 mnamo Oktoba. PlayStation 5 ya kawaida ilipanda hadi dola 549.99 mnamo Agosti. Hata Switch ya mwaka 2017 iliongezewa bei mwezi huohuo. Game Pass ya daraja la juu ilipanda kutoka dola 19.99 hadi 29.99 kwa mwezi, na Mario Kart World ikatolewa kwa dola 79.99.

Sababu ni zaidi ya moja. Vipuri vya kompyuta havishuki tena bei kwa kasi ya zamani. Serikali ya Marekani iliongeza ushuru wa forodha mwaka 2025 kwa bidhaa kutoka China, Vietnam na Japani, ambako mashine na vipuri vyake hutengenezwa. Mwishoni mwa mwaka huo bei ya kumbukumbu za kompyuta ilipanda kwa sababu ya mahitaji ya vituo vya akili bandia. Gharama za kutengeneza michezo nazo zimekua: hati zilizotolewa katika kesi ya mwaka 2023 zilionyesha kwamba The Last of Us Part II iligharimu takriban dola milioni 220.

Hata hivyo gharama peke yake haielezi yote. Kampuni huthubutu kupandisha bei pale zinapoamini kwamba mteja hana pa kwenda, na maktaba za mtandaoni zimemfunga mteja kuliko diski zilivyomfunga.

Athari kwa wafanyakazi

Mnamo Januari 2024, miezi mitatu baada ya ununuzi kukamilika, Microsoft iliwaachisha kazi watu 1,900 wa idara ya michezo. Sony iliwaachisha takriban 900 mwezi uliofuata na kufunga studio yake ya London. Mnamo Mei 2024 Microsoft ilitangaza kufunga Tango Gameworks, iliyotengeneza mchezo uliosifiwa sana wa Hi-Fi Rush. Baadaye studio hiyo ilichukuliwa na Krafton ya Korea Kusini. Mnamo Septemba 2024 Sony iliuondoa sokoni mchezo wa Concord wiki mbili tu baada ya kuutoa, kisha ikaifunga studio yake. Mnamo Julai 2025 Microsoft ilipunguza takriban watu 9,000 katika kampuni nzima, na mchezo wa Perfect Dark uliokuwa ukitengenezwa ukafutwa.

Hali katika Afrika Mashariki

Katika Afrika Mashariki watu wengi hucheza kwa simu. Konsoli hupatikana zaidi katika vibanda vya gemu, ambako vijana hulipia kwa mechi au kwa muda, na mchezo unaopendwa sana ni wa mpira wa miguu, ule ulioitwa FIFA hadi ulipobadilishwa jina kuwa EA Sports FC mwaka 2023. Katika vibanda hivyo jina la PlayStation limekuwa karibu sawa na neno konsoli. Mashine huletwa na wafanyabiashara binafsi, nyingi zikiwa zimekwisha kutumika. Kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 16 nchini Kenya na 18 Tanzania Bara, huongeza bei ya zile mpya.

Huduma rasmi hazijafika sawasawa. Barani Afrika duka la mtandaoni la PlayStation linahudumia rasmi Afrika Kusini, wakati Tanzania, Kenya na Uganda hazimo katika orodha ya nchi zake. Wachezaji hujiandikisha kwa jina la nchi nyingine na kununua kadi za malipo za nchi hiyo, jambo linalokwenda kinyume cha masharti ya kampuni. Madhara yake yalionekana Mei 2024, Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya PlayStation. Mchezo uliondolewa sokoni katika nchi takriban 177 zisizo na huduma hiyo. Sony ilifuta sharti hilo baada ya malalamiko.

Kupotea kwa diski kunaligusa eneo hili kuliko nchi tajiri. Diski moja huazimwa, hubadilishwa na kuuzwa tena, na mwenye kibanda huirudisha gharama yake kwa mechi nyingi. Series S haina sehemu ya diski, na PlayStation 5 Pro ya mwaka 2024 huuzwa bila hiyo. Baadhi ya kadi za Switch 2 hazina mchezo ndani yake, bali ni ufunguo wa kuupakua. Mchezo wa gigabaiti 100 au zaidi humla mteja vifurushi vya intaneti kabla hajacheza hata dakika moja, na baadaye hawezi kuuuza.

Mwelekeo

Microsoft imetangaza kushirikiana na AMD kwa mashine zake zijazo, na mnamo Oktoba 2025 jina la Xbox liliwekwa kwenye kompyuta ya mkononi iliyotengenezwa na Asus. Mwezi uliofuata Valve, mmiliki wa duka la Steam, ilitangaza Steam Machine, kompyuta ndogo ya kuunganishwa na televisheni. Huenda ushindani unahama kutoka kwenye mashine na kwenda kwenye maduka: nani ana duka ambalo mteja ameweka ndani yake fedha na michezo yake ya miaka mingi.

Hilo likitokea, idadi ya mashine zilizouzwa itapoteza maana yake ya zamani. Masuala yatakayobaki ni kama mnunuzi anaweza kuhama na alichonunua, kama anaweza kukiuza au kumwachia mwingine, na kama duka litaitambua nchi anayoishi.